Nilivyompelekea Masanja Santuri ya Wachunga Ng'ombe

Tangu nirudi hamjaniacha nishone. Kila anayeleta suruali ya kupunguza anataka kwanza aambiwe habari za huko, na kila nikianza kusimulia pale barazani Ramadhani ananikatiza kabla safari haijatoka hata Tabora. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Yeye atasomewa pamoja na ninyi wengine, na akitaka kusema asubiri nimalize.

Kwa ajili ya wale watakaosoma bila kutujua: mimi ni Gervas, fundi cherehani wa Isevya, hapa Tabora. Ramadhani ni kinyozi, mlango wa pili kutoka kwangu, na ugomvi wetu ni wa muziki tu. Yeye ni mtu wa dansi, magitaa na tarumbeta, watu wamevaa tai. Mimi nina gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri za wachunga ng'ombe wa Amerika, nilizozipata kwa askari mmoja aliporudi kutoka Burma. Kiingereza changu ni kidogo, lakini yule askari alinieleza: huyu anaaga kwao, huyu yuko nyikani na ng'ombe wake, huyu kaachwa na mke. Gitaa linakwenda polepole, halafu mwimbaji anaivunja sauti yake ikapanda juu kama inayoruka ukuta. Nikiisikia nasahau sindano mkononi.

Ramadhani husema, "Yule hajakanyaga mavi ya ng'ombe hata siku moja. Kakaa mjini kwenye kiti, kavaa kofia kubwa, anajifanya."

Mimi humjibu kwamba sauti ile haiwezi kutoka kwa mtu anayejifanya. Huwa nakasirika kama vile katukanwa ndugu yangu.

Sasa, dada yangu Agnes ameolewa mbele ya Nzega, upande wa Igunga, na mfugaji anayeitwa Masanja. Huyu shemeji yangu alikuwa mwimbaji. Si wa ngomani, aliimba zizini. Kila ng'ombe wake alikuwa na jina na wimbo, na watu walitembea kutoka vijiji vingine kuja kumsikiliza akikamua. Kiangazi kilichopita sotoka, ile tauni ya ng'ombe, iliingia zizini kwake ikawamaliza. Dereva mmoja wa malori ya pamba ndiye aliyeniletea maneno ya dada: "Mwambie Geva shemeji yake haimbi tena, na sasa hata kusema hasemi. Aje. Aje na kile kisanduku chake."

Nikafunga duka.

Kutoka Isevya hadi tope lilipotushika

Nilipata nafasi juu ya lori la chumvi na mabati. Gramafoni niliifunga kwa blanketi nikaipakata kama mtoto mgonjwa. Santuri nilizipanga katikati ya nguo za wateja ambazo, samahani Mzee Idi, ni pamoja na kanzu yako.

Pembeni yangu alikaa mwinjilisti wa Kimoraviani, Mwalimu Yohana, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisalimu vizuri, akauliza mzigo wangu ni nini. Nilipomwambia, akasogea kidogo.

"Nyimbo za dunia," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Sina nyingine."

Mvua zilikuwa zimeanza mapema. Tulikwenda salama mpaka mchana, halafu barabara ikashuka kwenye udongo mweusi na lori likaingia magurudumu yote ya nyuma. Dereva Hamisi alishuka, akalizunguka, akalitazama kwa heshima, akakaa kwenye kivuli chake. Tulikata matawi, tukasukuma, tukapakua chumvi, tukasukuma tena. Likazama zaidi. Ikabidi kulala pale tusubiri udongo ukauke au lori jingine litukute.

Tulilishwa na mama mmoja wa mji wa karibu, Mama Nyamizi, aliyekuja na sufuria kichwani bila kuitwa na mtu. Alitupikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, akaichanganya na karanga za kutwanga. Nimekula harusi nyingi hapa mjini, lakini chakula kile nakikumbuka mpaka leo. Alikataa tumlipe, akasema malori hukwama pale kila masika na yeye amezoea wageni.

Kwa kuwa tumeketi tu, nilifungua mzigo kutazama hali ya santuri. Nilitamani kulia. Nyingi zilikuwa vipande. Mtikisiko wa barabara na yale mabati ulikuwa umezila moja baada ya nyingine. Zilizopona zilikuwa mbili: moja ya dansi, ambayo Ramadhani aliniazima kwa dhihaka ili nikaone watu watachagua ipi, na moja tu ya wachunga ng'ombe.

Nikaiweka hiyo ya pili nijaribu mashine. Mama Nyamizi akasimama na mwiko wake. Mwalimu Yohana akafungua Biblia akaanza kusoma kwa sauti, lakini kadiri wimbo ulivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyopungua, mpaka nikaona midomo tu inacheza.

Ulipokwisha alisema, "Nasikiliza ili nijue ninachokataza. Rudia."

Nikarudia. Safari hii alifunga kitabu kabisa, na gitaa lilipofika mahali pa kushuka, akaliitikia chini chini kwa besi ya kanisani. Ikaingia vizuri kabisa.

"Huyu kakulia kwaya," aliniambia. "Hilo huwezi kunidanganya. Mengine sijui, lakini aliyemfundisha kuimba alimfundisha tenzi."

"Sasa ni wimbo wa dunia au si wa dunia?"

Alifikiri. "Mtu ni wa dunia. Sauti imeibwa kanisani." Akacheka mwenyewe, na toka hapo tukawa marafiki hadi Nzega.

Nzega, kwenye chai

Lori lililotukomboa lilitushusha Nzega, na hapo nilikwama upya, kwa kuwa hakuna gari lililokuwa likielekea nilikokwenda. Mwalimu Yohana alipokelewa na waumini wake. Mimi nilikaa kwenye hoteli ya chai sokoni, na mwenye hoteli alipoona futi yangu shingoni akanipa koti lake lililopasuka kwapani kabla hajanipa chai.

Wakati nashona, vijana wa pale waliona gramafoni. Wakataka dansi. Nikawawekea ile ya Ramadhani, nao wakasukuma meza wakacheza vizuri, siwezi kuficha. Hata mwenye hoteli alicheza akiwa amevaa mkono mmoja wa koti. Kisha nikawawekea yangu. Walivumilia hadi nusu.

"Mzee, kuna msiba?" aliuliza mmoja.

"Hapana."

"Basi turudishie ile ya kwanza."

Wakaisikiliza ile ya kwanza mpaka chai ikaisha. Ramadhani, furahi hapo. Ni haki yako na nimeiandika.

Kuvuka mbuga kwa miguu

Kesho yake nilichoka kungoja, nikaondoka kwa miguu na gramafoni kichwani. Niliongozana na mwanamume mmoja, Kulwa, aliyetoka kuuza pamba na alikuwa anarudi kwao njia hiyohiyo. Kwa sehemu njia ile ni ileile ya misafara ya zamani, waliyopita wapagazi kwenda ziwani. Babu yetu mzaa baba aliipita akiwa na pembe za ndovu begani, na nyumbani tulisimuliwa habari zake tangu utoto. Nilipokuwa mdogo nilidhani ilikuwa safari ya fahari. Kufika adhuhuri, shingo yangu ikiwa imeingia mabegani, nilimhurumia yule mzee kwa mara ya kwanza maishani.

Mbuga ilikuwa na maji ya vifundoni na majani mapya. Mbele yetu kulikuwa na kundi kubwa la ng'ombe na wachungaji wawili. Mmoja alitujia, akatusalimu kwa Kinyamwezi, akaniuliza nimebeba nini.

Nikamwambia ni mashine.

"Mashine ya nini?"

Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumwonyesha haraka. Nikatoa mfukoni kibati kidogo cha sindano za gramafoni nikakitikisa. "Hii hapa, ina sindano zake. Ngoja utaona."

Yule mtu hakungoja aone. Alipiga mluzi, mwenzake akapiga mluzi, na kundi lote likageuka likakimbilia vichakani, maji yakiruka kila upande. Punde tulibaki mimi na Kulwa na ndege yange weupe.

Kulwa alikaa chini kwa kicheko. Alipoweza kusema alinieleza kwamba watu wa kule walikuwa wakiwaogopa wachanjaji wa serikali, kwa kuwa walisikia kwamba baada ya sindano huja hesabu, na baada ya hesabu huambiwa kundi lako ni kubwa mno, lipunguzwe. "Na wewe umevaa kofia, una sanduku, unatikisa sindano," alisema. "Hata mimi ningekimbia."

Habari hiyo ilitutangulia. Kila mji tuliopita mazizi yalikuwa matupu na watu walitutazama kutoka mlangoni. Hakuna aliyetupa hata maji ya kunywa, mpaka Kulwa alipoanza kupaza sauti kutoka mbali kwamba huyu ni fundi suruali.

Kwa Masanja

Dada Agnes alinipokea nje ya boma. Amekonda. Aliutua mzigo wangu mwenyewe, akanishika uso kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto.

"Umekuja, Geva."

"Nimekuja, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Yuko zizini. Usishtuke."

Nilishtuka hata hivyo. Zizi lilikuwa limefagiliwa safi, miti yake imefungwa upya kwa kamba mpya, na ndani hamkuwa na mnyama hata mmoja. Masanja alikaa kwenye kigoda chake cha kukamulia. Nilimkumbuka mtu mpana, mwenye kelele, aliyekuwa akinipiga mgongoni mpaka nikohoe. Huyu alinyanyua mkono, akainamisha kichwa kunipa karibu, akatazama mbele.

Dada alinieleza jikoni. Tangu ng'ombe wafe, kila asubuhi hufungua zizi, hulifagia, hukaa. Ndugu yake Lugembe, anayekaa kilima cha pili, ng'ombe wake walisalimika, na kwa desturi yao mwenye nacho humpa ndugu mtamba wa kufuga, akizaa wanagawana. Lugembe alikuwa anangoja aombwe. Masanja hakwenda kuomba.

"Lugembe anasema hawezi kumsukumia ng'ombe mtu asiyemtaka," dada alisema. "Na huyu wangu hasemi anataka au hataki. Wanawe wameondoka kutafuta kazi. Mimi nikilala nasikia anapumua, basi. Ndiyo mazungumzo yetu."

Alinipa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na maziwa mgando aliyoletewa na jirani, nami nikala huku nikiona aibu kula maziwa ya watu katika nyumba ile.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Lugembe alikuja na wazee wenzake kunisalimu. Walikuwa wameshajua kwamba sindano zangu si za ng'ombe na walinicheka sana. Nikaweka gramafoni nje, karibu na zizi. Masanja alibaki pale pale kwenye kigoda chake, upande wa pili wa miti. Nikasema, "Huu ni wimbo wa mchunga ng'ombe wa Amerika," nikazungusha mkono wa mashine.

Wale wazee walisikiliza kama wanaosikiliza shauri barazani. Sauti ya yule mtu ilipovunjika na kupanda juu, Lugembe alikunja uso.

"Anamwita nani?"

"Nadhani anaita ng'ombe."

"Kwa sauti hiyo? Watamkimbia."

"Labda ng'ombe wa kule wamezoea," alisema mwingine.

Lugembe alinigeukia. "Ng'ombe wake ni wa rangi gani?"

Nikakumbuka maneno ya yule askari, nikasema rangi hakutaja.

"Pembe?"

"Hakutaja."

"Majina yao je? Anawaita kwa majina?"

"Hapana. Anasema ng'ombe tu."

Wakatazamana. "Ng'ombe tu," alirudia Lugembe, kwa masikitiko kidogo, kama daktari. "Basi, shemeji, hawa si wake. Huyu kaajiriwa. Anachunga mali ya tajiri, anasikia baridi, anataka kwenda kwao. Sauti nzuri, lakini ng'ombe hawajui."

Ramadhani, nilikufikiria wewe. Nilihisi nimesafiri njia ile yote, nimevunja karibu santuri zangu zote, ili nikaambiwe maneno yako na watu wanaojua zaidi kuliko wewe. Nikanyanyua mkono niondoe santuri.

"Mwacheni."

Sauti ilitoka zizini. Ilikuwa imeingia kutu, na mwanzo sikujua ni ya nani. Dada, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni, alisimamisha ungo hewani.

Masanja alisema, "Mnamhukumu bure. Mnasema wangekuwa wake angetaja majina. Huenda wamekufa."

Wazee waligeuka kumtazama.

"Wakifa unaweza kusema ng'ombe," alisema. "Ng'ombe walikuwa hivi, ng'ombe walikwenda kule. Hilo linatoka. Jina halitoki." Akanigeukia. "Shemeji, rudia pale anaponyanyua."

Nikarudia. Nilirudia mpaka sindano ikawa butu, nikabadilisha, nikarudia tena. Lugembe aliinamisha kichwa akawa anachora chini kwa fimbo.

Asubuhi zizini

Niliamshwa na sauti na nikadhani nimeota. Jua lilikuwa linachomoza. Dada alikuwa ameketi nje, mgongo ukutani, kiganja mdomoni.

Masanja alikuwa amesimama zizini. Hakuwa anaimba, kwanza. Alikuwa anasema jina moja, Ngobho, la ng'ombe mmoja mwekundu ambaye hata mimi namkumbuka, maana aliwahi kula kofia yangu. Alilisema, akalisema tena. Mara ya tatu likabeba sauti, likavutika, likawa mwanzo wa wimbo. Akaimba jinsi alivyokuwa akichelewa kuingia zizini kwa makusudi ili afuatwe. Akaimba masikio yake. Alipofika siku aliyoanguka, sauti ilikatika kabisa, naye akasubiri, akaanza tena kutoka hapo ilipokatika.

Akahamia kwa wa pili. Akasogea hatua moja, mahali alipokuwa akifungwa huyo wa pili.

Alizunguka zizi lote hivyo. Majirani walikuja wakasimama nje ya miti, wanawake na vibuyu vyao, wanaume na majembe, hakuna aliyeingia. Wengine waliwajua wale ng'ombe na walipolisikia jina walitikisa kichwa. Mimi nilivua kofia. Kwa Kinyamwezi changu cha mjini nilikosa maneno mengi, na ninyi mnajua mimi hutaka kujua kila neno la wimbo, lakini siku ile sikumwuliza mtu anifasirie.

Alipomaliza alitoka, akanawa uso, akamwambia dada, "Mama Kabula, kuna uji?"

Dada aliinuka akaenda jikoni, na nikamsikia akigonganisha vyombo kwa muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Kilima cha Lugembe

Baada ya uji Masanja alivaa shuka safi, akachukua fimbo, akaniambia, "Twende." Hakuniambia wapi, nami sikuuliza. Tulipanda hadi kilima cha pili.

Lugembe alituona tangu mbali na akawa amesimama mlangoni. Walisalimiana kwa utaratibu wote, wakaulizana mvua, wakaulizana mtama, wakaulizana watoto. Nilidhani watafika jioni wakiulizana. Mwishowe Masanja alisema, akitazama chini, "Kaka, nimekuja kuomba mtamba."

"Umechelewa," alisema Lugembe. "Nilimtenga tangu kiangazi. Amekula majani yangu bure."

Akaingia zizini akamtoa mwenyewe: mtamba mweusi, mwenye doa jeupe kwenye nyonga, mkali kidogo, asiyetaka kuguswa sikio. Masanja alimzunguka. Alimshika nundu, akamtazama macho, akanusa pumzi yake. Alichukua muda mrefu, na Lugembe, kwa adabu, aligeuka akaanza kunieleza mambo ya uzio wake.

Tulirudi sisi watatu, mtamba mbele, Masanja nyuma yake, mimi nyuma ya Masanja. Majirani walikuwa wameshasikia na walijipanga kando ya njia. Dada alikuwa amefungua zizi na amesimama pembeni, kitenge chake kikiwa kile cha kwenda kanisani.

Mmoja wa wale wazee wa jana akapaza sauti, "Masanja, tuimbie huyo mpya."

Wengine wakaitikia. Hata mimi niliomba. Nilikuwa na hamu, nakiri, ya kuja kuwaambia ninyi kwamba niliusikia wimbo siku ulipozaliwa.

Masanja alitikisa kichwa, bila hasira.

"Bado simjui," alisema. "Sijui anaogopa nini. Sijui anapenda kulala upande gani. Nikimwimbia leo nitakuwa nadanganya."

Akampitisha langoni, akaliegesha, akavuta kigoda chake mpaka karibu naye, akakaa kumtazama anavyokula.